Magoti ya Nani?

Wanyama wa mtoni waligawana kazi ya kuangalia mvua. Twiga alikaa juu milimani kupima maji ya mto, Korongo akawa wa kupeleka habari, na Nguchiro, aliyejua kila kitu kabla hajaambiwa, akawa mpokeaji wa habari huku bondeni.

Masika yalipoanza, Korongo alitua akihema. "Twiga anasema maji yamefika magotini."

Nguchiro aliyatazama magoti yake, akacheka. "Haya ndiyo ya kutukimbiza? Jamani, endeleeni na shughuli zenu. Wanangu hawatoki shimoni kwa maji ya kulowesha kucha."

Kobe akauliza taratibu, "Magoti ya nani?"

"Magoti ni magoti, mzee! Hata kuelewa unachelewa?"

"Basi kwa kuwa nachelewa, acha niondoke sasa." Kobe akashika njia ya kilimani. Mke wa Nguchiro aliwaza kidogo, akawatoa watoto shimoni, akamfuata.

Kabla jua halijazama, mto ulishuka na magogo. Nguchiro alifika kilimani akiogelea, akawakuta wanawe wamekaa mgongoni kwa Kobe, wakavu.

Kesho yake walikata fito zenye urefu mmoja, sawa na mguu wa Kobe, na kila mpimaji akapelekewa ufito wake. Twiga alilalamika, "Huu mfupi mno! Maji yataufunika mara moja."

"Ndivyo tunavyotaka," Nguchiro akamjibu. "Wako ukifunikwa, mimi nitakuwa bado mkavu."