Mama wa Jumla

Siku hizi simu ndizo hubembeleza watoto, na programu ya kuwabembelezea aliiandika Sikudhani. Mwanzoni kila mama aliwekewa humo sauti yake na wimbo wake, wenye jina la mwanawe. Wakubwa wa kampuni wakalalamika kwamba programu ni nzito. Basi Sikudhani akazifuta sauti zote, akabakiza mama mmoja wa jumla, asiye mama wa mtu yeyote. Wakampigia makofi.

Jana umeme ulikatika, simu ikaisha chaji, na Faraji, mwana wa Sikudhani, alikuwa na homa. Sikudhani akampakata, akamwimbia kwa sauti yake mwenyewe, akimtaja jina.

Mtoto akajinasua mikononi mwake, akazidi kulia.

"Siyo wewe!" akapiga kelele. "Namtaka mama!"