Harufu ya Thina

Fundi rangi wa magari alirudi gereji amenywea. Daktari hakuuma maneno: homoni zake za kiume zilikuwa zimeshuka mno, ndiyo maana hapati mtoto, na huenda sababu ni mvuke wa rangi na thina aliouvuta miaka yote bila barakoa.

Hakuwa amemwambia hata mkewe. Mara mdogo wake akaingia, mwanawe wa tatu begani.

"Kaka, kiwandani wametupunguza. Nishike mkono, nifanye kazi hapa kwako."

Fundi alikuwa akivitazama vidole vya yule mtoto, vinono, vimelishika sikio la baba yake na kulivuta bila adabu, kama mali yake. Yeye hakuna aliyewahi kumvuta sikio. Tumbo lililowazaa ni moja. Mbona mwenzake alipewa hadi akasaza? Wivu ukamkaba kama mwiba wa samaki.

Mdogo wake alikunja pua, akamgeuza mtoto upande wa mlangoni.

"Kaka, hii harufu haina madhara?"

Fundi akamkabidhi bomba la kupulizia rangi.

"Harufu tu hiyo," alisema. "Utazoea."