Kitinda Yuko Mtandaoni

Msusi wa nyumba ya pili anadai alimwona kwa macho yake mawili. Kwa maelezo yake, Kitinda alitoka na begi mgongoni, akapanda pikipiki nyuma ya kijana mwenye koti jeusi, na alikuwa anacheka. Kila akiisimulia upya, koti linabadilika rangi, ila kicheko kiko palepale.

"Usijitie presha, shoga yangu," alimwambia mama mtu. "Mtoto kapata mtu. Atarudi na tumbo, utalea."

Mama alifunika cherehani, nguo za watu zikiwa hazina hata mikono, akaenda polisi.

Askari wa mapokezi hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akauliza jina la binti, kisha akatoa simu yake mwenyewe akamtafuta mtandaoni. Akamgeuzia kioo. Kitinda huyo hapo, kavaa blauzi ya bluu, kakumbatia kitabu, anatabasamu. Chini ameandika: Asubuhi njema, leo nasoma takwimu. Ilikuwa ya asubuhi ileile.

Askari akasema anayejipiga picha hajapotea, amenuna, na wakianza kutafuta walionuna hapo kituoni atabaki nani? Ila chuo kikisema mwanafunzi wao haonekani, hapo atafungua jalada.

Ndiyo sababu mama akawa wa kwenda chuoni kila kukicha, mpaka mlinzi wa geti akaacha kumuuliza anamfuata nani.

Alikuwa anamfuata mshauri wa masomo, mtu mpole, mwenye wanafunzi wengi kuliko nafasi ya ofisi yake. Asingeweza kukaa na kila mmoja, kwa hiyo alibuni njia. Alimfungulia kila mwanafunzi ukurasa, na kila asubuhi mwanafunzi aweke picha na mstari mmoja kuhusu anachosoma siku hiyo. Aliyeweka, jina lake linawaka kijani kwenye kompyuta ya mshauri. Asiyeweka linawaka jekundu, na mshauri anampigia simu kabla hajapotelea mbali. Wakubwa wa chuo walimsifu sana. Wapo waliokuwa wanafeli wakainuka kwa njia hiyo.

Kitinda alikuwa kijani. Siku zote kijani.

"Lakini darasani haonekani," mama alisema.

Mshauri akamweleza tena kwamba madarasa yamefungwa, hiki ni kipindi cha kujisomea kabla ya mitihani, kila mtu anasoma anapopapenda. Na simu kutopatikana? Vijana hawa, mama, wanabadilisha laini kama soksi. Aandike kwamba binti amepotea, na huku anamwona kila asubuhi? Huo utakuwa uongo.

Mama alizitazama zile picha akashindwa aziite nini. Kila asubuhi alizisubiri kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Ikitokea mpya, anapumua. Na ni hizohizo zilizowafanya watu wote wakae chini, wasitoke kumtafutia mwanawe.

"Mbona anasalimia tu?" aliuliza. "Dada zake wanamwandikia pale chini, wanamlilia. Mimi mwenyewe nimeandika, na uandishi wenyewe unaujua. Hajamjibu hata mmoja wetu."

Mshauri akauliza kwa upole kama nyumbani kulitokea jambo.

Mama akainama. Akasema palitokea, lakini ni jambo dogo, la jikoni tu. Jioni ya mwisho Kitinda aliacha vyombo kwenye karai, akasimama mbele ya pazia jeupe tupu la chumba cha kushonea akijipiga picha, anavaa blauzi, anavua, anavaa nyingine, mpaka maharage yakaungua. Yeye akamfokea, chuo gani hicho cha kujipiga picha. Binti aliosha vyombo, akalala, na asubuhi hakumuaga mtu.

"Basi ndiyo hiyo, mama," mshauri alisema. "Umemgusa penye kidonda. Amejiweka kwa rafiki, anasoma, anakusubiri wewe uanze."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kwenda pale, mabega ya mama yalishuka. Alijifuta uso kwa upande wa khanga. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona aibu, akasema yule mtoto kweli kaumbwa na kununa, hata kuzaliwa alichelewa makusudi.

"Sasa wewe mwalimu wake atakusikia," alisema. "Niandikie."

Mshauri akakubali kwa moyo mmoja. Alisema hataandika kule nje ambako kila mpita njia anasoma, ataingia ndani ya ukurasa wenyewe, amwachie ujumbe mahali ambapo lazima auone. Neno la siri alikuwa nalo, kwa kuwa kurasa zote alizifungua yeye. Hakuwahi kuingia ndani ya hata mmoja. Rangi ya jina ilimtosha.

Mama alikuwa upande wa pili wa meza, haoni kioo. Alikaa sawa, akaanza kupanga maneno.

Ukurasa ulifunguka. Picha ya kesho ilikuwa tayari imo ndani, inasubiri saa yake: Kitinda kavaa blauzi ya njano, asubuhi njema, leo narudia uhasibu. Ya keshokutwa nayo ilikuwemo. Na zilizofuata, blauzi baada ya blauzi mbele ya pazia jeupe lilelile, mpaka asubuhi ya mtihani wa mwisho. Zote ziliwekwa jioni moja, ile ya maharage kuungua.

"Mwambie sina hasira naye," mama alisema. "Mwambie anijibu neno moja tu, hata la kunitukana. Umeshaandika, mwalimu?"