Mkono wa Susana

Swichi ndogo aliyoichomoa kwenye stabilaiza mbovu ya friji ililia tik, tik, na Susana akacheka peke yake mezani.

Vipande vingine vya kifaa alichokuwa anakiunda vilikuwa transista ya redio iliyokufa na waya wa printa. Kifaa cha namna hiyo kutoka Ulaya kingemlia pensheni nzima. Hiki kilimgharimu risasi ya kulehemu tu. Huku kiliunganishwa na kompyuta kuukuu aliyopewa na masista wa misheni, kule na redio yake ya mawasiliano. Sasa angeandika kwa mkono wa kushoto, na kompyuta ingepiga maneno hewani kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu. Mkono wake wa kulia ulikufa kwa kiharusi, Kwaresima ya mwaka ule wa 1996.

Miaka ishirini na mitatu Susana alipiga simu za maandishi Musoma, na upande wa Bunda alikuwepo Stanislausi. Walionana ana kwa ana mara mbili tu, lakini kila mmoja aliujua mkono wa mwenzake, namna yake ya kupiga herufi, kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Walipopunguzwa kazini, wakakata leseni za redio za ridhaa, wakaendelea kupigiana Morse kutoka nyumbani. Kila siku saa kumi waliitana. Susana hakuzaa, na ndugu zake wote wamelala makaburini Mugango. Siku yake nzima ilikuwa ile saa kumi.

"Akijua naumwa atanihurumia," alimwambia jirani yake Jenoveva. "Mimi sitaki huruma. Nataka habari."

Kwa hiyo akaifundisha kompyuta kukawia kidogo kwenye herufi R, kama alivyokawia yeye maisha yake yote. Stanislausi hakugundua. Aliendelea kujibu, ingawa mwaka wa pili sasa alijibu kwa ufupi, na aliuliza mambo ambayo zamani yeye ndiye aliyemsimulia Susana: yule bosi wetu mlevi aliitwa nani vile? Uzee, Susana aliwaza. Na kila alipotaja kwenda kumsalimia, jibu lilikuwa lilelile: BARABARA MBAYA. NGOJA KIANGAZI.

Kiangazi kikaja. Susana akaandika salamu ndefu, akaiamuru kompyuta izitume yenyewe saa kumi, akafunga sato wawili wa kukaanga, akapanda basi la Bunda. Alitaka kumshtukiza.

Saa kumi ilimkuta mlangoni kwa Stanislausi. Ndani alisikia salamu zake mwenyewe zikiingia kutoka Musoma. Zilipokwisha, mkono wa Stanislausi ukaanza kujibu, uleule, haujazeeka hata kidogo. Machozi yakamlenga. Akabisha hodi, akausukuma mlango.

Mezani alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, khanga kiunoni, kidole juu ya kibonyezo cha Morse.

"Shikamoo mama. Karibu, kaa. Mimi Gati, binti wa hapa. Ngoja nimalizie, huyu nisipomjibu hatalala."

"Unamjibu nani?"

"Kuna mama mmoja Musoma, rafiki ya baba. Baba alinifundisha kupiga kama yeye kabla hajafariki, mwaka juzi. Akasema nisimwache, hanaga mtu mwingine."

Alipiga herufi ya mwisho, akageuka akitabasamu.

"Haya mama, wewe nikuite nani?"