Sketi ya Ladina

Ladina Caduff alitokea kwenye kibanda cha kuanzia akiwa amevaa sketi.

Ilikuwa sketi pana ya maua mekundu, yenye aproni nyeupe mbele, imevaliwa juu ya suti ya mashindano. Chini zilichomoza buti za skii. Juu kulikuwa na namba ya kifuani na helmeti, kama kawaida.

Burgi Moosbrugger alikuwa ananyoosha misuli kando ya uzio. Alipoiona sketi ile, moyo wake uliruka kama ndama aliyefunguliwa zizini.

Katika mchezo huu hakuna asiyejua maana ya sketi. Mtelezaji anayestaafu hushuka mara yake ya mwisho kwa mavazi ya kuchekesha: suruali ya babu, gauni la harusi, chochote. Katikati ya mlima husimama, hukumbatia makocha, hunywa shampeni, kisha humalizia polepole huku akipunga mkono. Muda wake haumshughulishi mtu.

Leo, hata hivyo, muda wa Ladina ulikuwa ndio kila kitu. Yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu na wawili hao walilingana kwa pointi. Atakayemtangulia mwenzake ndiye angechukua kombe la slalomu, mbio za kuteleza kwa skii ukizizunguka nguzo. Burgi alikuwa wa pili nyuma ya Ladina msimu baada ya msimu, hata mama yake alikuwa na keki maalumu ya kumpoza. Asubuhi, katika mshuko wa kwanza, Ladina alikuwa mbele tena, kwa kiasi cha kupepesa jicho. Ulibaki mshuko wa pili: Burgi, kisha Ladina, basi.

Na sasa sketi!

"Bibi we, Ladina! Kweli kabisa?"

Ladina alikuwa ameegemea ukuta wa kibanda, uso umemwiva. "Usinicheke, Burgi. Nimeshachekwa vya kutosha."

"Nani akucheke? Umependeza! Umeitoa wapi?"

"Kwa mpishi wa mgahawa wa hapo juu. Inanuka vitunguu."

"Na goti?"

"Goti linauma. Lini haliumi?"

Burgi akatikisa kichwa kwa huruma. Uvumi wa kustaafu ulikuwapo tangu vuli: goti lile, na shamba la mbuzi alilonunua karibu na kwao. Isitoshe, huyu alikuwa na makombe mengi hata moja alilifanya la kuwekea miavuli. Hili la leo ameamua kuliacha lipite, aage kwa kicheko. Ni Ladina tu anayeweza kufanya hivyo.

Burgi akamkumbatia. Machozi yakamtoka, na yalikuwa ya kweli, ingawa chini yake kicheko kilikuwa kinachemka.

"Nitakukumbuka, mchawi wee."

"Mbona unalia? Yatagandia mashavuni hayo."

"Yaache yagande. Na nisikilize." Burgi akashusha sauti. "Pale chini, penye nguzo za bluu, theluji imekwanguka, imebaki barafu tupu. Kocha wangu kasikia kwenye redio. Zipite juu kidogo, wenzetu wote wameteleza pale. Sitaki uvunjike siku kama ya leo."

Ladina alimtazama kwa mshangao. Akafungua mdomo kusema kitu, lakini mwanzishaji alikuwa ameshaita namba ya Burgi.

"Shambulia!" kocha wake, Egon, alimngurumia sikioni. "Usibakize kitu!"

"Ya nini? Hujaona sketi?"

Egon akageuka, akaona, akacheka mpaka redio ikamponyoka. "Basi, mama, shuka kama umebeba trei la mayai. Wewe fika tu."

Burgi akashuka kama amebeba trei la mayai. Kila nguzo aliizunguka kwa adabu, na kwenye nguzo za bluu alipita kwa tahadhari ya mtu anayevuka chumba cha mtoto aliyelala. Alikuwa anaimba. Alipovuka mstari aliwarushia watazamaji glavu zake, akambusu mpiga picha, akamwambia mwandishi wa televisheni kwamba mlima huu ni mzuri kuliko yote duniani. Kisha akaazima simu.

"Mama! Leo oka keki ya ushindi, ile ya krimu!"

Juu, Ladina aliondoka. Kwenye skrini kubwa sketi ilifunguka kama mwavuli. Umati ukapiga kelele, kengele za ng'ombe walizoshika mashabiki zikalia bonde zima. Katikati ya mlima makocha wa timu zote walikuwa wamejipanga, mikono wazi, chupa imeshafunguliwa na povu linamwagika.

Ladina akawapita. Aproni ilimpiga mmoja usoni na chupa ikaruka.

Burgi aliendelea kupiga makofi. Pengine angesimama chini zaidi. Lakini Ladina hakusimama; alikuwa anazipiga nguzo kwa magoti na viwiko, moja baada ya nyingine, sketi ikipepea nyuma yake. Makofi ya Burgi yakapungua. Alipofika penye nguzo za bluu, Ladina akapita juu kidogo, skii zikashika, akanyooka hadi mstarini.

Taa ya kijani ikawaka: Ladina ameshinda.

Burgi akamkimbilia huku akijikwaa kwenye buti zake. "Hukusimama! Mtu akistaafu anasimama!"

"Nani kastaafu?" Ladina aliuliza huku akihema. Kwa furaha alikuwa amesahau aibu yote. Akageuka, akaishika sketi kwa mikono miwili na kuipandisha: suti yake ilikuwa imechanika kuanzia kiunoni hadi mapajani, na chupi yake ya sufu ya kijani ikaonekana moja kwa moja kwenye televisheni za Ulaya nzima.