Somo la Dharura ni Baada ya Chakula

Uvumi ule fundi cherehani aliusikia kwa mteja aliyekuja kupunguziwa gauni, na toka hapo haukumtoka kichwani: eti ile njia ya mkato ya jangwani hairudishi watu. Inaokoa mafuta, ndiyo maana vijana wanaipenda. Lakini hairudishi watu. Na kitindamimba wake alikuwa ameshaapa kupita hiyo hiyo.

Sasa mama huyo alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi wa semina ya safari ndefu za barabarani, anahema, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, mtandio ameubana shavuni kama mwenye jino bovu.

"Nimekuja badala ya mwanangu," alisema. "Jina lake limo humo. Mimi ndiye niliyemwandikisha."

"Mbona hakuja mwenyewe?" aliuliza mwalimu. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini.

"Alisema semina ni ya waoga."

Watu wakacheka.

"Vijana wa siku hizi wanazaliwa wameshajua kila kitu," mwalimu alisema. "Karibu, mama. Zima simu, ukae."

Akakaa mbele kabisa, karibu agusane na ubao. Mwalimu alikuwa anafundisha kupanga mizigo: kizito kikae chini, maji yakae karibu na mlango. Hata hajamaliza, fundi cherehani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, gari likizama kwenye mchanga, na maji yamebaki kidogo, mtu afanye nini?"

"Hiyo ni dharura, mama. Somo la dharura ni baada ya chakula."

"Baada ya chakula ni mbali."

"Jamani, huyu mama ana haraka ya kukwama," akadakia jamaa mmoja wa nyuma, "na sisi hata mizigo hatujafunga!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakugeuka.

"Mwalimu, shida yangu mimi ni ya sasa hivi..."

"Ya kila mtu hapa ni ya sasa hivi. Vuta subira, mama."

"Nakuomba, baba. Unataka nikupigie magoti?"

Na kweli akaanza kupiga magoti, hapo hapo kati ya meza na ubao. Kicheko kikakatika.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Inuka, mama yangu, usinitie aibu. Haya. Wengi wanaumia kwa yale wanayoyafanya wakishaingiwa na hofu. Nitakutajia ya kuepuka. Andika."

"Kuandika kutanichelewesha. Wewe sema, mimi nitarudia."

Basi mwalimu akawa anasema, naye anarudia kwa sauti, neno kwa neno, kama wanavyorudia watoto wa darasa la kwanza, kichwa ameinamisha, macho kayafumba. Wale wa nyuma walijibana mbavu wasicheke.

"Usiliache gari. Gari linaonekana kutoka mbali, mtu haonekani."

"Usitembee jua likiwa kali."

"Usikae ndani ya gari mchana. Kaa kwenye kivuli chake, na mchanga wa juu uufukue kwanza, una moto."

"Usivue nguo, hata ukisikia joto namna gani."

"Usinywe maji ya rejeta."

"Usile kitu kama huna cha kunywa."

"Usiyabanie maji mpaka uzimie. Kiu ikikushika, kunywa."

Mwalimu akaichukua tena chaki yake. Ya kwake yalikuwa yameisha. Fundi cherehani akaendelea peke yake.

"Usikate simu, mwanangu. Usilale."