Fira Mpya wa Masika

Kila masika yalipoingia, Fira alijivua gamba na kujitangaza kuwa nyoka mpya. Safari hii alitoka kichakani akimetameta, akamkuta Bi Kanga kasimama mlangoni pa shimo lake.

"Bwana Fira, nimekuja tuzungumze kuhusu mayai yangu uliyokula kiangazi."

"Aliyekula mayai ni yule wa zamani," Fira akajibu kwa upole, akionyesha kwa mkia gamba lililonasa kichakani. "Yule ndiye aliyekuwa mlafi. Mimi ndiyo kwanza naanza maisha."

Kanga akalitazama gamba, kisha akaangua kilio. "Jamani, njooni! Jirani yetu Fira amefariki!"

Wanyama wakaja mbio. Wakalizika gamba, wakampa Fira pole kama mgeni, wakaanza kugawa mali ya marehemu. Shimo akapewa Nungunungu, aliyekuwa hana makao, naye akaingia na miiba yake yote. Hapo mvua ikaanza kumwagika.

Fira akaloa, akatetemeka, mwishowe uvumilivu ukamshinda. "Nungunungu, toka tafadhali! Shimo ni langu. Fira ni mimi, yule yule!"

"Yule mla mayai?" Kanga akauliza.

Fira akainamisha kichwa. Kulisema neno hilo kulimwia vigumu kuliko kujivua gamba. "Ndiye mimi. Nisamehe, Bi Kanga."

Akarudishiwa shimo lake, na ili kulipa deni la mayai, masika yote hayo Fira alikilinda kiota cha Kanga dhidi ya panya, akimeza mate na kugeuza uso kila yai jipya lilipotagwa.